Sura ya Sita: Barua Ipo, Kioo Ndicho Kinachokataa

Neno linalowahi kuharibika kwenye barua pepe za Garsen ni ng'ombe. Ripoti ya mnada, ratiba ya chanjo, taarifa ya ukame, malalamiko ya mkulima aliyeliwa mpunga wake: hakuna hata moja inayoweza kulikwepa. Limeandikwa vizuri Hola, limetumwa vizuri, na likifunguliwa kwenye kompyuta ya pili huonekana hivi: ngâ€™ombe. Familia iliyokimbia mafuriko ikahamia ng'ambo ya mto nayo inakuwa imehamia ngâ€™ambo. Karani hudhani ni virusi. Mkubwa wake hudhani kompyuta imezeeka. Fundi akiitwa, mara nyingi pendekezo lake ni moja: tufute kila kitu, tuweke Windows upya. Mteja atalipa, atapoteza barua za miaka, na barua ya kesho itamletea ng'ombe yule yule na masharubu yake.

Sura hii inahusu matatizo ya kuonekana kwa barua katika programu za kompyuta ya mezani, zile za kina Thunderbird na Outlook. Ninachotaka msomaji ashike ni kwamba programu inapoonyesha uchafu, utupu au giza, barua yenyewe kwa kawaida iko salama, ama kwenye diski ama kwenye seva. Kilichoharibika kiko njiani, kati ya barua na jicho. Watu wa Delta ya Tana hawahitaji kufundishwa kufikiri hivyo. Maji yakiingia Idsowe jua likiwaka, hakuna anayetafuta wingu juu ya Garsen; watu huuliza mvua ya Mlima Kenya na Nyandarua, na kama bwawa la Masinga limejaa likaanza kumwagika. Kosa linaloonekana kwenye kioo nalo lifuatwe hivyo hivyo, kwa kupanda juu hadi lilikoanzia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fungua barua ghafi. Kwenye Thunderbird, chagua barua yenye matatizo, shika Ctrl, bonyeza U. Dirisha jipya litafunguka na maandishi yasiyopendeza macho: majina ya seva, tarehe, vistari, na katikati ya msitu huo, maneno ya barua. Kwenye Outlook ya kawaida, fungua barua katika dirisha lake, ingia "File", kisha "Properties", nawe utaona walau vichwa vyake. Ukiyakuta maneno, umeshajua jambo kubwa: barua imefika, na ugomvi uliobaki ni wa uchoraji tu. Na kama badala ya maneno kuna mkururo mrefu wa herufi na tarakimu usio na nafasi, usishtuke. Hiyo huitwa base64, ni namna ya kufunga mzigo usimwagike njiani, na programu inajua kuufungua.

Kijana wa Nairobi ataniuliza kwa nini mtu wa Garsen ahangaike na programu ya mezani ilhali simu ipo mfukoni. Jibu ni mwaka 2024. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimeshaifunika barabara ya Lamu sehemu za Gamba na Lango la Simba. Masika ikaja juu ya maji hayo, Tana ukafurika tena, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika upande wa Afrika Kusini. Mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Ofisi iliyokuwa na barua zake kwenye diski iliweza kuendelea kusoma orodha za wahitaji, hesabu za mahema na namba za simu za wazee wa vijiji. Ofisi iliyotegemea kivinjari ilikaa ikitazama duara linalozunguka. Mimi sina mapenzi na programu yoyote, lakini mahali ambapo stima, barabara na mtandao vinaweza kupotea katika juma moja, barua iliyo kwenye diski yako ndiyo barua uliyo nayo.

Masharubu ya ng'ombe

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana juu ya jedwali liitwalo ASCII, lenye nafasi 128, ambamo kila herufi ya Kiingereza hupata namba yake. Kiswahili, kwa bahati, kinaenea humo chote. Hatuna nukta za kuweka juu ya irabu wala vikia vya kuning'iniza chini ya konsonanti. Hata kile kialama cha ng' kimo, na namba yake ni 39. Ukikiandika kwa kibodi moja kwa moja ndani ya programu ya barua iliyowekwa kutuma maandishi matupu, ng'ombe atasafiri dunia nzima bila kukwaruzika.

Taabu huanza barua inapoandikwa kwanza kwenye Microsoft Word kisha ikanakiliwa. Word inapenda urembo. Ukiipa 39 yako, inaiondoa kimyakimya na kuweka kialama kilichopinda, kinachofanana na 9 ndogo iliyojazwa wino. Hicho hakimo katika jedwali la 1963. Katika UTF-8, mfumo ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni Septemba 1992 na ambao leo ndio unaotawala, kialama kilichopinda huandikwa kwa namba tatu zinazofuatana: 226, 128, 153. Programu inayojua kuwa inasoma UTF-8 hukusanya zote tatu na kuchora kialama kimoja. Programu iliyoambiwa kimakosa kwamba barua imeandikwa kwa Windows-1252, jedwali la zamani la Ulaya Magharibi, huzisoma moja moja: 226 ni â, 128 ni alama ya yuro, 153 ni ™. Basi ng'ombe wa Garsen anavikwa kofia ya Kifaransa, sarafu ya Ulaya na nembo ya biashara, na hana hatia.

Aliyeidanganya programu ni barua yenyewe, au tuseme mfumo ulioituma. Tangu Juni 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa utaratibu wa MIME, barua inatakiwa ijitambulishe. Ndani ya barua ghafi utaona mstari unaoanza na Content-Type, na mbele yake neno charset na jina la jedwali. Programu za barua za siku hizi hujaza mstari huo sawasawa. Wanaokosea zaidi ni mifumo ya pembeni: fomu za tovuti zilizoundwa zamani, programu za kutuma tangazo moja kwa watu mia tano, hifadhidata iliyohamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Hapa ndipo barua ghafi inapolipa. Tafuta neno lililoharibika. Ukikuta =E2=80=99, hizo ni zile namba tatu, 226, 128 na 153, zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Ziko nzima. Kosa liko kwenye charset iliyotajwa, na msomaji anaweza kulirekebisha mwenyewe. Kwenye Thunderbird ingia menyu ya "View", uchague "Repair Text Encoding". Kwenye Outlook ya kawaida, fungua barua, tafuta "Actions", kisha "Other Actions", kisha "Encoding", uchague Unicode ya UTF-8. Mara nyingi masharubu hudondoka papo hapo.

Lakini ukikuta =C3=A2=E2=82=AC=E2=84=A2, usijisumbue. Huo ni uchafu uliokwisha kukubaliwa na kuandikwa upya kama vile ndiyo maneno halisi: kofia, yuro na nembo vimehifadhiwa rasmi. Kosa lilifanyika kabla barua haijatumwa, na hakuna kitufe upande wako kitakachoirudisha. Mwandikie mtumaji. Vivyo hivyo ukiona ng?ombe: mfumo fulani njiani haukujua kialama kilichopinda, ukakitupa na kuweka alama ya kuuliza badala yake. Kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani ni kisa cha kinyume, barua ya Windows-1252 inayosomwa kama UTF-8. Katika jedwali hilo la zamani kialama kilichopinda ni 146 peke yake, na msomaji wa UTF-8 akikutana na 146 iliyo pweke hujua tu kwamba kuna kitu hakieleweki. Hicho hutengenezeka kwa njia ile ile ya juu.

Ofisi inayotuma barua nyingi za Kiswahili ingefanya vyema kumfunza Word adabu. Ingia "File", "Options", "Proofing", ubofye "AutoCorrect Options", na kwenye ukurasa wa "AutoFormat As You Type" uondoe tiki inayogeuza nukuu zilizonyooka kuwa za urembo. Ukiwa na kompyuta ya kuazima ambayo huwezi kubadili mipangilio yake, bonyeza Ctrl na Z mara tu baada ya kialama kupinda, nacho kitanyooka. Na wanaoandika Kioromo kwa herufi za Qubee, jamaa ya lugha ya Waorma wa hapa Tana River, wana sababu kubwa zaidi ya kujali, kwa kuwa kialama hicho hicho ndicho kinachoonyesha mkato wa sauti kooni, na kukipoteza ni kubadili neno.

"Mwanangu, barua zangu zimeondoka"

Simu ya namna hii kila fundi anaijua. Mfano wake ni mazungumzo haya, mama mmoja wa ofisini akiwa Ngao, fundi akiwa Minjila.

"Mwanangu, barua zimeondoka zote. Kioo ni cheupe."

"Pole, mama. Orodha ya waliokuandikia, unaiona?"

"Majina yapo. Nikibofya, hakifunguki kitu."

"Bonyeza F8. Iko juu kabisa ya kibodi."

"Eeh! Zimerudi. Na kumbe ulikuwa umezificha wewe?"

Kwenye Thunderbird, F8 hufungua na kufunga kidirisha cha kusomea. Kidole kikiteleza kutoka kwenye tarakimu, kidirisha kinatoweka, na hakuna ujumbe wowote unaomweleza mtu kilichotokea. Waliobuni hilo walifikiria mtu mwenye kioo kidogo anayetaka nafasi, lakini hawakumfikiria mtu ambaye hajui kwamba amebonyeza kitu.

Ndugu yake F8 ni kile kichujio cha haraka kilicho juu ya orodha. Ukibofya alama ya barua ambazo hazijasomwa, programu inakuonyesha hizo tu. Kuna na kipini kidogo pembeni ambacho kazi yake ni kukishikilia kichujio hata ukihamia folda nyingine. Mtu akivibofya vyote viwili bila kujua, kesho yake atafungua kikasha akute barua tatu badala ya elfu tatu, na atakula kiapo kwamba ameibiwa. Angalia juu ya orodha kama kuna kitufe kilichobadilika rangi, ukibofye kizime. Na folda zenyewe zikipotea upande wa kushoto, tazama menyu ya "View", sehemu ya "Folders": huenda imewekwa kuonyesha folda zenye barua mpya peke yake. Irudishe kwenye "All Folders". Menyu yenyewe ikiwa haionekani, bonyeza Alt.

Outlook nayo ina ugonjwa wake wa mwonekano, ambapo safu hupanga foleni ya ajabu, tarehe hupotea, na jina la mtumaji hubanwa hadi herufi mbili. Ifunge. Shika kitufe cha Windows na R, andika outlook.exe /cleanviews, bonyeza Enter. Itasahau mapambo yote uliyowahi kuyaweka na kuanza na yale ya kiwandani. Barua hazitaguswa.

Wakati mwingine utupu ni wa kweli, kwa maana kwamba kichwa cha barua kimefika na kiwiliwili hakijafika. Akaunti nyingi leo ni za IMAP: barua hukaa kwenye seva na programu huchukua nakala. Mtandao ukikatika katikati ya kuchukua, utaona jina la mtumaji na mada, na ndani patupu, au maelezo ya Kiingereza kwamba mwili wa barua haujapakuliwa. Tiba ni kusubiri mtandao. Kinga ni kuingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya "Synchronization & Storage", na kuhakikisha kuna tiki kwenye kauli ya kutunza barua za akaunti hiyo kwenye kompyuta hii. Tiki hiyo kwa kawaida ipo tangu mwanzo. Nimeona imeondolewa na watu waliokuwa wanatafuta nafasi kwenye diski. Angalia pia kona ya chini kushoto: programu huenda imewekwa katika hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, na inatii.

Faharasa iliyochanganyikiwa

Kuna kosa moja linalostahili kueleweka vizuri kwa sababu dalili zake zinatisha na tiba yake ni ya dakika moja. Unabofya barua ya daktari wa mifugo, inafunguka barua ya benki. Unabofya nyingine, inakuja nusu ya barua iliyokufa mwaka juzi. Au folda inasema ina barua 40 ambazo hazijasomwa na hakuna hata moja.

Thunderbird hutunza kila folda kwa mafaili mawili. La kwanza, lisilo na kiambishi mwishoni mwa jina, kwa mfano Inbox, ndilo lenye barua zote zilizounganishwa moja baada ya nyingine. La pili, Inbox.msf, ni faharasa: barua fulani inaanzia hapa, ina mada hii, imeshasomwa. Orodha unayoiona kwenye kioo inatoka kwenye faharasa, si kwenye barua. Stima ikipotea programu ikiwa inaandika, faharasa inabaki na habari za kale, na Garsen hilo si jambo la nadra. Programu inakwenda ilikoelekezwa, inakuta mlango wa jirani, inakufungulia kilichomo.

Bofya folda kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Programu itatupa faharasa mbovu na kuisoma folda yote kutoka mwanzo ili kuandika nyingine. Ikikataa, ifunge programu kabisa, nenda kwenye mafaili, ufute lile la .msf peke yake. Litazaliwa upya ukifungua. Narudia: la .msf. Ukifuta lile lisilo na kiambishi kwenye akaunti ya POP, ile inayoshusha barua na kuzitunza kwenye kompyuta yako, umefuta barua zenyewe, na sura hii haiwezi kukusaidia tena.

Kikasha ambacho hakijasafishwa tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 ni kizito kukarabatiwa. Zipeleke barua za zamani kwenye folda za kila mwaka. Na anayetembeza barua zake kwenye diski ndogo ya USB iliyoumbizwa kwa FAT32 akumbuke kwamba mfumo huo haukubali faili moja kuzidi GB 4. Folda ikifika hapo, barua mpya zitaonekana kugoma kuingia, na mtu atailaumu seva.

Kioo chenyewe

Sasa tushuke hadi mwisho wa njia. Dirisha linafunguka jeusi lote, au vipande vya barua ya zamani vinabaki juu ya mpya unapoisogeza, au maandishi yanamemeteka. Jaribio la kwanza ni kupiga picha ya skrini na kuituma kwenye simu. Uchafu ukionekana kwenye picha, umetengenezwa na programu au kadi ya michoro. Picha ikiwa safi na kioo kichafu, mgonjwa ni kioo au waya wake, na hakuna mpangilio wa programu utakaomponya.

Programu za kisasa huipa kadi ya michoro kazi ya kuchora ili ziende haraka. Kwenye kompyuta zilizotumika Ulaya kwanza na kufika kwetu baadaye, programu endeshi ya kadi hiyo huwa ya miaka kumi nyuma, na hapo uharaka hugeuka kiza. Ingia mipangilio ya Thunderbird, tafuta maneno "hardware acceleration", uondoe tiki, ufunge na kufungua tena. Matoleo mengi ya Outlook yana kitufe cha aina hiyo ndani ya "Options", "Advanced", sehemu ya "Display". Kama kioo ni cheusi kiasi kwamba huioni hata menyu, fungua Thunderbird huku umeshikilia Shift, au Outlook huku umeshikilia Ctrl. Zote zitaamka katika hali ya tahadhari, bila viongezi, na kwa Thunderbird unaweza kuchagua kuzima vingine pia. Tatizo likitoweka humo, tafuta kiongezi ulichoweka karibuni.

Giza la aina ya pili ni la mtindo. Watu wanapenda mandhari meusi kwa sababu hayachomi macho usiku, lakini mtumaji aliyeamuru maandishi yake yawe meusi hana habari na mandhari yako. Meusi juu ya meusi. Buruta kipanya juu ya barua kama unayetaka kunakili. Maneno yakijitokeza, umejua. Njia ya mkato ni "View", "Message Body As", "Plain Text", ambayo huvua barua mavazi yote na kuacha maneno. Mimi huiacha hivyo mwaka mzima, na sijaona nilichokosa zaidi ya nembo za watu.

Kwenye laptopu za vioo vya nukta 1366 kwa 768, toleo la Thunderbird la 115, lililotoka Julai 2023, liliwashangaza wengi. Mwonekano ulipangwa upya, na orodha ikionyeshwa kwa kadi badala ya mistari, barua ishirini zilizokuwa zinaenea zinakuwa nane. Bofya alama ya mpangilio iliyo juu ya orodha, chagua mwonekano wa jedwali, na kwenye menyu kuu upunguze nafasi kati ya mistari kwa "Density". Herufi zikivimba ghafla, huenda umezungusha gurudumu la kipanya huku mkono uko kwenye Ctrl. Ctrl na 0 huzirudisha. Mwenye Windows 7 ajue kuwa toleo hilo la 115 ndilo la mwisho kwake, na makosa mengine ya kuonekana atakayoyakuta hayatatengenezewa dawa.

Barua za wafadhili zina shida yao. Tangu mwaka 2007 Outlook ya kawaida huchora barua kwa injini ya Word badala ya ile ya kivinjari, ndiyo maana jarida lililopendeza kwenye simu ya mkurugenzi linafika kwenye Outlook limetawanyika, picha zimepanda juu ya maneno. Huna cha kutengeneza hapo. Kama barua ina kiungo cha kuisoma kwenye kivinjari, kitumie. Na zile picha zinazoonekana kama visanduku vitupu hazijaharibika. Programu imekataa kwa makusudi kuzifuata kwenye seva ya mtumaji, kwa kuwa picha ya nukta moja tu inatosha kumwambia kwamba umeifungua barua yake, saa ngapi, na kutoka wapi. Ukimwamini mtumaji, bofya kitufe kilicho juu ya barua umruhusu yeye pekee. Usiruhusu wote. Bando ni yako, na siri pia.

Jedwali la bei za mnada linalofika limepinda, safu ya mbuzi imeingia kwenye safu ya ngamia, limeandikwa kwa kupanga nafasi kwa mkono katika fonti ambayo herufi zote zina upana sawa, nawe unalisoma kwa fonti nyingine. Badili barua iwe "Plain Text" na safu zitanyooka. Kwa ripoti za kila wiki, mwombe mtumaji aambatishe faili la hesabu. Kiambatisho kiitwacho winmail.dat nacho kimetoka kwa mtu anayetumia Outlook iliyowekwa kutuma kwa "Rich Text". Mwombe atume kwa HTML.

Tarehe ndiyo kosa ambalo hakuna anayeliita kosa la kuonekana, na labda ndilo linaloleta ugomvi mwingi kazini. Windows iliyowekwa kwa haraka hubaki na majira ya Pasifiki ya Marekani. Barua iliyoandikwa Garsen saa tatu asubuhi inaonekana kwenye kompyuta hiyo kama ya jana yake usiku, saa 10 au 11 nyuma kutegemea majira yao. Chagua UTC+03:00 Nairobi. Betri ndogo ya CR2032 ndani ya kompyuta ikifa, hali huwa mbaya zaidi: kila stima ikipotea saa hurudi miaka mingi nyuma. Programu itakataa kuungana na seva kwa sababu cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika, na ikifanikiwa kutuma, barua yako inaweza kufika na tarehe ya kale na kuzama chini ya orodha ya unayemwandikia. Atasema haijafika, nawe utasema umetuma, na wote wawili mtakuwa na haki. Mwambie apange orodha yake kwa "Order Received". Kisha nunua betri.

Limebaki neno moja kwako, msomaji, kabla fundi wa kuweka Windows upya hajaingia mlangoni. Kwenye Thunderbird fungua "Help", "Troubleshooting Information", utafute mstari wa "Profile Folder", ubofye kitufe cha kuifungua. Funga programu, nakili folda hiyo yote kwenye diski ya nje, uiandike tarehe, uiweke mahali palipoinuka ambapo maji ya Tana hayafiki. Fundi akifika, muulize kwanza kama amebonyeza Ctrl na U.